Maji au hewa? Porsche, Le Mans na vita vya kupoza injini

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na sababu yenyewe ni feni. Seva moja ninayoitunza ilianza kuwa nzito kila ikifika saa za mchana. Nikasaka kosa kwenye programu, nikalaumu hifadhidata, nikalaumu hata mtandao. Mwishowe nikafungua sanduku lenyewe nikakuta feni ya prosesa imejaa vumbi na haizunguki. Prosesa ilikuwa ikipata moto, inajipunguzia kasi ili isiungue. Basi. Shilingi mia chache zikamaliza tatizo lililoninyima usingizi siku kumi.

Nikiwa nimekaa pale na feni mpya mkononi nikamkumbuka mjomba. Nilipokuwa mdogo alikuwa na gari kuukuu, na kila tulipotoka Naivasha kurudi Nairobi kwa barabara ya chini, lilichemka kwenye mlima wa Mai Mahiu. (Jina hilo kwa Kikuyu maana yake ni maji moto. Sikosei nikisema gari lilikuwa linafuata jina la mahali.) Tulisimama karibu na kile kikanisa kidogo walichojenga wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita, mjomba akafungua boneti, na mimi nikakimbia na kibuyu cha maji. Kila mara aliniambia neno moja: "Ngoja." Ukimwaga maji baridi juu ya injini iliyowaka moto, chuma hujikunja ghafla na kupasuka. Tulingoja nusu saa, saa nzima wakati mwingine, ndipo akafungua rejeta kwa kitambaa.

Sasa jiulize: mjomba alikuwa na mlima mmoja na muda wote wa kungoja. Itakuwaje kwa mtu ambaye gari lake linapaswa kwenda kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, saa 24 mfululizo, usiku na mchana, na kusimama ni kushindwa? Leo basi hakuna kompyuta. Leo ni historia ya kampuni ya Porsche ya Ujerumani, ambayo kwa miaka mingi ilikataa kabisa kutumia maji, na ya jinsi Le Mans ilivyoilazimisha kubadili mawazo.

Tuanze na hesabu ndogo, halafu tutaendelea na hadithi. Ukichoma petroli ndani ya injini, takribani theluthi moja tu ya nishati yake ndiyo inayosukuma magurudumu. Nyingine yote ni joto. Sehemu inatoka kwa ekzosi, na sehemu inabaki kwenye chuma, nayo lazima iondolewe la sivyo pistoni itayeyuka. Kwa hiyo injini yenye nguvu za farasi 600 ni jiko kubwa sana ambalo pia linazungusha magurudumu.

Njia ya kwanza ya kuondoa joto ni kupuliza hewa juu ya silinda zenyewe. Silinda hutengenezwa na mapezi mengi membamba ya chuma ili hewa ipate mahali pa kugusa. Pikipiki za bodaboda nyingi zinatumia njia hii, ziangalie utaona mapezi hayo. Njia ya pili ni kuzungusha maji ndani ya kuta za injini, kisha kuyapeleka kwenye rejeta yapozwe. Lita moja ya maji inabeba joto takribani mara 3,500 kuliko lita moja ya hewa, kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukisikia takwimu hiyo utasema mjadala umekwisha, maji yameshinda. Lakini subiri. Maji nayo lazima yapozwe na kitu, na kitu chenyewe ni hewa hiyo hiyo inayopita kwenye rejeta. Maji ni mpagazi tu. Tena mpagazi huyu ana mizigo yake: rejeta, pampu, paipu, vibano. Kila kimoja kina uzito, na kila kimoja kinaweza kuvuja. Ukitumia hewa pekee huna rejeta ya kutobolewa na jiwe, na hakuna kitakachochemka.

Ferdinand Porsche alichagua hewa alipobuni ile Volkswagen ya mviringo ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka. Mwanawe Ferry akaendelea hivyo hivyo na Porsche ya kwanza, 356, mwaka 1948, kisha 911 iliyoonyeshwa mwaka 1963. Kufikia hapo haikuwa tena suala la uhandisi pekee. Ilikuwa ndiyo sura ya kampuni. Sauti ile ya feni nyuma ya gari ndiyo iliyokuambia hii ni Porsche.

Mwaka 1969 walifika kilele cha njia hiyo. Sheria za mashindano ziliruhusu injini ya hadi lita 5, mradi kampuni itengeneze magari 25. Watu walidhani hakuna kampuni ndogo itakayothubutu. Porsche, wakati huo chini ya usimamizi wa kiufundi wa Ferdinand Piëch, mjukuu wa mzee, wakathubutu. Mwezi Aprili 1969 wakaguzi walikuta magari 25 aina ya 917 yamepangwa kwa safu nje ya kiwanda cha Zuffenhausen.

Injini yake ilibuniwa na Hans Mezger. Silinda 12 zimelala chini, 6 kila upande, lita 4.5. Kranki ndefu namna hiyo hujipinda na kutetemeka, kwa hiyo Mezger akatoa nguvu katikati yake badala ya mwishoni, kana kwamba injini mbili za silinda 6 zimeunganishwa mgongo kwa mgongo. Kutoka hapo hapo katikati akapandisha mhimili uliozungusha feni kubwa iliyolala juu ya injini kama sahani. Feni hiyo ilikula nguvu za farasi zipatazo 17. Kwa injini yenye zaidi ya 500 si gharama kubwa, mjomba angetoa zaidi ya hapo kuliko kusimama Mai Mahiu! Na tusisahau oili. Injini hizi tunaziita za hewa, lakini oili nyingi ilizunguka na kupozwa kwenye rejeta yake yenyewe, ikabeba sehemu kubwa ya joto. Feni ndiyo iliyopewa sifa, oili ilifanya kazi kimya kimya.

Injini ilipoa vizuri. Lililokuwa baya ni gari lenyewe, ambalo kwa kasi kubwa liliyumba hadi madereva wa kampuni wakaliogopa. Katika Le Mans ya 1969 Mwingereza John Woolfe, aliyenunua 917 yake binafsi, alifariki katika mzunguko wa kwanza kabisa. Ile ya Vic Elford na Richard Attwood iliongoza kwa muda mrefu ikatoka zikiwa zimebaki saa tatu hivi. Dawa ilipatikana Austria mwezi Oktoba mwaka huo. Mhandisi John Horsman wa timu ya JW aliangalia gari lililotoka uwanjani limejaa wadudu waliopondeka, akaona kwamba sehemu ya nyuma haina hata mdudu mmoja. Maana yake hewa haikugusa mkia. Wakakata mabati, wakainua mkia kwa misumari na gundi, na siku hiyo hiyo gari likatulia. Sisi waandishi wa programu tunasaka wadudu kila siku, lakini huyu bwana alijifunza kutokana na mahali ambapo wadudu hawakuwapo. Naipenda sana habari hii.

Mwaka 1970 Hans Herrmann na Richard Attwood wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans, kwenye mvua, ndani ya 917. Mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep wakarudia, wakaenda kilomita 5,335 kwa siku moja. Rekodi hiyo ya umbali ilidumu hadi 2010. Injini ya hewa, feni na oili. Ungekuwa mhandisi pale Zuffenhausen ungekubali mtu akuambie kwamba unahitaji maji?

Kilichowaumbua ni tabo. Tabo hutumia moshi wa ekzosi kuzungusha pangaboi linaloshindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi, na joto zaidi katika silinda ile ile. Isitoshe, hewa ikishindiliwa hupata moto yenyewe. Yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua jinsi pampu inavyowaka mkononi. Hewa inayotoka kwenye tabo ya gari la mashindano hupita nyuzi 100 bila shida. Ukiiingiza hivyo ndani ya injini, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hutoboka. Kwa hiyo sasa kuna joto la aina mbili la kupigana nalo: la chuma, na la hewa yenyewe inayoingia.

Porsche walijifunza somo la pili kwa njia ya aibu kidogo. Gari lao la 935, ambalo ni 911 iliyofanyiwa kazi kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1976, lilipoza hewa ya tabo kwa kifaa kilichofichwa chini ya bawa kubwa la nyuma. Katikati ya msimu wasimamizi wa mashindano wakasema la, kifuniko cha injini cha gari la kawaida lazima kiweze kukaa mahali pake. Kifaa hakikuenea. Ikabidi kampuni ya hewa itengeneze haraka haraka kipoza-hewa kinachotumia maji! Kazi hiyo iliwagharimu wiki nyingi na BMW nusura wawanyang'anye ubingwa. Kwa hiyo maji yaliingia kwanza kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ya kanuni tu.

Somo la kwanza, lile la chuma, lilionekana mbele ya dunia nzima mwaka 1977. Porsche walikuwa Le Mans na 936, gari la wazi lenye injini ya silinda 6, tabo mbili na kupozwa kwa hewa. Jacky Ickx, ambaye gari lake lingine lilikuwa limeharibika mapema, alihamia katika gari hili pamoja na Jürgen Barth na Hurley Haywood, akaendesha usiku kucha kama mtu aliyepagawa hadi wakaongoza kwa mizunguko mingi. Saa moja hivi kabla ya mwisho gari likaanza kutoa moshi mzito. Pistoni moja ilikuwa imekufa. Wakaliingiza piti na wakalisimamisha hapo.

Sheria ilitaka gari livuke mstari wa mwisho likiwa linatembea. Mafundi wakaizima silinda ile iliyokufa ili injini iende na 5 zilizobaki. Wakapunguza nguvu ya tabo. Wakampa usukani Barth, ambaye alikuwa na ujuzi wa ufundi na angeweza kuisikiliza injini, na wakambandikia saa kwenye usukani ajue dakika zilizobaki. Akatoka, akazunguka polepole mara mbili, moshi ukifuka nyuma yake, saa 24 zikatimia. Walishinda. Mimi ningekuwa fundi pale ningeona aibu na furaha kwa pamoja. Mwaka ukibadilika kidogo tu, pistoni ile ingekufa saa tatu mapema.

Hapa ndipo niwaeleze kiini cha mambo, na samahani kwa wale wasiopenda ufundi. Ukitaka nguvu zaidi bila kuongeza ukubwa wa injini, njia mojawapo ni kuweka vali 4 kwa kila silinda badala ya 2. Hewa inaingia kwa urahisi na moshi unatoka kwa urahisi. Lakini hebu fikiria kichwa cha silinda: mduara mdogo kama kiganja, na ndani yake sasa kuna matundu manne ya vali na plagi katikati. Vali za ekzosi ziko jirani, na kati yake kuna ukuta mwembamba wa alumini unaopigwa na moto kila upande. Mahali pale ndipo penye joto kuliko pote, na ndipo hewa ya feni haiwezi kufika, kwa sababu hakuna tena nafasi ya mapezi. Unaweza kuongeza ukubwa wa feni upendavyo. Hewa haiingii pasipo na njia. Maji, hata katika kijitundu chembamba kama penseli, yanaingia na kutoka na joto lake.

Kwa hiyo Porsche walikuwa na chaguo: wabaki na hewa na vali 2, wazidiwe nguvu, au wakubali maji. Walichofanya ni kukata shauri katikati, na naona ni uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Vichwa vya silinda vitapozwa kwa maji. Silinda zenyewe zitabaki na hewa. Maji yapelekwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Injini hiyo ilitokea mwaka 1978 ndani ya gari la 935/78, ambalo kwa sababu ya mkia wake mrefu na rangi yake nyeupe watu waliliita Moby Dick, jina la nyangumi. Lilisimamiwa na Norbert Singer. (Usukani ulikuwa kulia, kama magari yetu, kwa kuwa viwanja vingi huzungukwa kwa mwendo wa saa na dereva hupenda kukaa upande wa ndani wa kona.) Lita 3.2, tabo mbili, nguvu za farasi zaidi ya 750.

Lakini ukileta maji unaleta na matatizo yake. Kati ya kichwa na silinda kuna gaskiti, ile karatasi ngumu inayozuia moto wa ndani usitoke na maji ya nje yasiingie. Kila mwenye gari Kenya anajua maneno "gaskiti imeungua" na jinsi pochi inavyolia baada ya hapo. Kwa mgandamizo wa tabo kubwa, gaskiti ni mahali pa kusubiri msiba. Mezger na wenzake wakaamua kuiondoa kabisa. Kila kichwa kilichomelewa moja kwa moja kwenye silinda yake kwa mwale wa elektroni, aina ya uchomeleaji unaoingia ndani sana bila kuharibu chuma cha pembeni. Silinda na kichwa vikawa kitu kimoja. Hakuna gaskiti, hakuna cha kuungua. Gharama yake ni kwamba fundi hawezi tena kufungua kichwa peke yake. Lazima ang'oe kipande chote kutoka kwenye injini. Katika gari la kwenda sokoni huo ungekuwa upuuzi. Katika gari la saa 24 ni sawa kabisa, kwa sababu ukifika mahali pa kufungua kichwa katikati ya mashindano umeshashindwa.

Moby Dick ilishinda saa 6 za Silverstone mwaka 1978. Le Mans ilipita sehemu iliyonyooka kwa kasi ya kilomita 366 kwa saa, ya juu kuliko gari lolote mwaka huo, lakini ikaishia nafasi ya 8, ikiendeshwa kwa tahadhari baada ya oili kuonekana ikivuja. Ilishindana mara chache tu kisha ikawekwa. Ukitazama matokeo pekee utasema ilifeli. Injini yake haikufeli. Watoto wake walishinda Le Mans mwaka 1981 ndani ya 936 ya zamani iliyotolewa stoo, na mwaka 1982 gari jipya la 956 likachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Vichwa vya maji, silinda za hewa.

Sasa tufike kwenye gari ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka 1983, katika maonyesho ya Frankfurt, Porsche walionyesha mfano wa gari la barabarani lililokuja kuitwa 959. Mkuu wa utafiti Helmuth Bott alitaka kuonyesha kila kitu walichokijua: magurudumu manne yote yakisukuma, kompyuta ikigawa nguvu mbele na nyuma, tabo mbili zinazoanza moja baada ya nyingine, na injini ya lita 2.85 kutoka kwa ukoo ule ule wa mashindano. Vali 4, vichwa vya maji, silinda za hewa. Nguvu za farasi 450, kasi zaidi ya kilomita 310 kwa saa. Katikati ya miaka ya 80 hakukuwa na gari la kuuzwa lililofanana nalo.

Mara nyingi gari la barabarani hutengenezwa kwanza kisha likapelekwa mashindanoni. Hili lilisafiri pande zote mbili kwa pamoja. Januari 1986 René Metge alishinda nalo mbio za Paris-Dakar, maelfu ya kilomita za mchanga wa Sahara, na Jacky Ickx akawa wa pili. Hebu fikiria hali hiyo kwa upande wa kupoza: hewa ya jangwani ni moto, vumbi linaziba kila tundu, na gari linatambaa kwenye mchanga laini likitumia nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, hivyo hakuna upepo wa kusaidia. Ni mlima wa Mai Mahiu wa wiki tatu.

Miezi mitano baadaye Metge huyo huyo alikuwa Le Mans. Gari lake safari hii liliitwa 961, ambalo ni 959 iliyoandaliwa kwa saa 24 za lami. Hapa shida ni kinyume cha jangwa. Upepo upo tele. Kinachoua ni kwamba mguu wa dereva haunyanyuki. Le Mans wakati huo ilikuwa na sehemu iliyonyooka ya kilomita 6 isiyo na kona zilizoongezwa mwaka 1990, na injini ilibaki wazi kabisa kwa karibu dakika nzima, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kila kipande cha chuma kifike joto lake la juu na kikae hapo. Jangwani injini huchemka na kupumua. Le Mans haipumui.

Gari la barabarani lilikuwa na kilo 1,450 hivi. Walitoa viti, mazulia, kila cha starehe, wakashuka hadi 1,150 hivi. Walipandisha nguvu kutoka 450 hadi zaidi ya 600. Walipanua mwili kwa ajili ya matairi makubwa na kuweka bawa la nyuma. Lakini mpango wa kupoza haukubadilishwa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kwa sababu injini ilitokea kwenye mashindano tangu mwanzo, kuirudisha mashindanoni hakukuhitaji kuivunja na kuanza upya. Ni kama programu iliyoandikwa tangu siku ya kwanza kwa watumiaji milioni, hata kama siku hiyo ya kwanza ina watumiaji kumi.

Ulikuwa wakati mzito. Tarehe 2 Mei 1986 Henri Toivonen na msomaji wake wa ramani Sergio Cresto walikufa katika mbio za Corsica, na kundi la magari lililoitwa Group B, ambalo 959 ilikusudiwa kushindania, likapigwa marufuku. Gari likakosa nyumba kabla hata halijauzwa. Kwa kuwa magari 200 yaliyohitajika hayajatengenezwa bado, 961 iliingizwa Le Mans katika daraja la GTX. Usiku wa mashindano yenyewe Jo Gartner wa Austria alifariki katika ajali akiwa ndani ya Porsche 962. Magari yakazunguka polepole nyuma ya gari la usalama kwa muda mrefu gizani.

Metge na Claude Ballot-Léna waliendelea. Asubuhi ikafika, 961 bado inatembea. Jioni wakamaliza nafasi ya 7 kati ya wote na wa kwanza katika daraja lao, ndani ya gari linalosukumwa na magurudumu manne, kitu ambacho Le Mans haikuwa imekizoea hata kidogo.

Mwaka 1987 walirudi. Safari hii dereva Kees Nierop alikosea gia, gari likajizungusha na kugonga vizuizi. Akalitia mwendo tena arudi piti, lakini moto ukawaka nyuma. Alitoka salama. Gari halikuwahi kushindana tena, na lile moja pekee lililotengenezwa lilirekebishwa likahifadhiwa na jumba la makumbusho la Porsche.

Iliyobaki naipitia haraka. Hatimaye silinda nazo zikapewa maji, kwanza katika injini za baadaye za 962. Mwaka 1996 likaja 911 GT1, yote maji, likamaliza la pili na la tatu Le Mans. Mwaka 1997 liliongoza, kisha zikiwa zimebaki saa mbili hivi likashika moto mikononi mwa Ralf Kelleners, mafuta yakiwa yamevuja. Mwaka 1998 likashinda, la kwanza na la pili.

Na 911 ya kawaida, ile ya kununua dukani? Aina mpya iliyotoka mwaka 1997 ilikuwa ya maji yote, na ya mwisho ya hewa ikatoka kiwandani mwezi Machi 1998. Wapenzi wa Porsche walilalamika sana, na wengine hadi leo hawajasamehe. Wanalipa fedha nyingi zaidi kwa zile za zamani, kwa ajili ya sauti ya feni. Kuna watu hapa kwetu pia wanaozipenda 911 za hewa kwa sababu nyingine: mwaka 1978 Vic Preston Jr. alimaliza wa pili Safari Rally ndani ya moja, kwenye matope na vumbi letu, na kwa kibuyu cha maji asingekuwa na kazi nacho.

Mjomba naye alikuja kuuza lile gari. Aliyelinunua alikuwa mtu wa Nakuru, na mjomba alimweleza kila kitu kwa uaminifu isipokuwa habari za mlima. Siku nyingine nitaandika kuhusu kompyuta iliyokuwa ndani ya 959, ile iliyogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu kwa mwandishi wa programu hiyo ni hadithi nzima peke yake.